"Kocha, Nimeibiwa"

Kila bondia anayeshindwa kwa pointi huteremka ulingoni akiwa na maelezo tayari. Kabla sijamaliza kumfungua glavu ameshasema: "Kocha, nimeibiwa." Mwingine atasema refa alikuwa akimwonea yeye tu. Mwingine, kwamba alikesha akipunguza uzani na miguu ikamwisha nguvu. Halafu kuna yule asiyesema kitu. Atakaa kwenye benchi, taulo kichwani, na baada ya muda nitasikia ameviuza viatu vyake vya ndondi. Huyo ndiye anayeninyima usingizi. Na yeye ana maelezo, ila amejipa peke yake, kimoyomoyo: "Mimi si mtu wa ngumi."

Mimi ni mtu wa kona. Nilipigana zamani, wakati msichana akivaa glavu hapa Nakuru watu walikuwa wakisimama dirishani kumtazama. Siku hizi asubuhi niko sokoni nauza mitumba ya watoto, na jioni niko na vijana wa Bondeni, Kivumbini na Flamingo, nikiwashikia pedi na kuwafunga bandeji mikononi. Kadiri ninavyokaa nao ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sababu anayojipa bondia baada ya pigano ina uzito kuliko pigano lenyewe. Matokeo huandikwa mara moja na karatasi ikapelekwa. Sababu anarudi nayo nyumbani, analala nayo, na ndiyo itakayoamua kama Jumatatu atakuja mazoezini au hatakuja.

Kwa asiyejua ndondi za ridhaa, pigano ni raundi tatu za dakika tatu, na katikati kuna dakika moja ya mapumziko. Majaji ni watano. Mshindi wa raundi hupewa 10, mwenzake 9 au pungufu. Katika ile dakika moja ndipo mimi ninapanda na kiti. Bondia anaketi, namtoa kikinga meno na kukisuuza, nampa maji ya kusukutua, namwambia avute pumzi kwa pua na aishushe hadi tumboni. Kufikia hapo nusu ya dakika imekwenda. Sekunde zilizobaki ndizo za kusema, na hazitoshi hotuba.

Msimu uliopita nilikuwa na kijana wa uzani wa bantam, tumesafiri kwa mashindano nje ya Nakuru. Raundi ya kwanza ilimwendea vibaya. Alipoketi, macho yake yalikuwa kwenye meza ya majaji.

"Kocha, hawa washaamua. Huyu ni wa kwao."

Nikamshika kidevu, nikamgeuza anitazame. "Ukimaliza kupiga unarudi nyuma moja kwa moja hadi kwenye kamba. Anakungoja hapo hapo. Piga, kisha utoke pembeni, mbali na mkono wake wa kulia. Nionyeshe mara moja tu."

Akaitikia kwa kichwa. Kengele ikalia.

Raundi ya pili alitoka pembeni. Si kila mara, lakini alitoka, na makonde ya yule mwenzake yakaanza kupiga hewa. Ya tatu alizidi kuchangamka. Mwishowe refa akawashika mikono wote wawili katikati ya ulingo, na mkono ulioinuliwa haukuwa wake. Mimi bado naamini raundi mbili za mwisho zilikuwa zake, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwambia pia kwamba ile ya kwanza aliitoa mwenyewe, na akajua ninasema nini kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshahisi tofauti.

Fikirieni maelezo hayo mawili, lake na langu. Yote yalikuwa yanaeleza kitu kimoja, kwa nini raundi ya kwanza imepotea. Lake lingemwacha amekaa akingoja huruma ya watu watano asiowajua. Langu lilimpa kazi ya kufanya kengele ikilia. Na langu halikuwa na utamu wowote; hakuna anayependa kuambiwa miguu yake inamponza.

Dada yangu mdogo alisomea saikolojia Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, na alipomaliza aliniachia daftari zake. Humo ndimo nilimkuta Bernard Weiner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuchunguza namna watu wanavyojieleza wanapofaulu na wanapofeli. Kabla yake alikuwapo Fritz Heider, mzaliwa wa Vienna, ambaye mwaka 1958 aliandika kwamba kila mtu, hata asiyesoma, hutafuta chanzo cha mambo yanayompata. Weiner akasema chanzo chochote unachokitaja kinaweza kuulizwa maswali matatu. Kiko ndani yako au nje yako? Kitadumu au kitapita? Na je, unaweza kukifanyia lolote, au hakiko mikononi mwako?

Nilipoyasoma hayo niliona vijana wangu wote wamepangwa mbele yangu. "Mimi si mtu wa ngumi" ni sababu ya ndani, ya kudumu, isiyobadilishika. Mtu akishaamini hivyo, kesho yake ni kama jana yake, sasa aje mazoezini kufanya nini? Weiner anasema matumaini ya kesho yanategemea hasa lile swali la kudumu. Nikiamini kilichoniangusha bado kitakuwapo pigano lijalo, nitatarajia kuanguka tena. Hisia nazo hufuata. Anayejiona hana uwezo huona haya, na haya humfanya mtu ajifiche. Anayejua hakufanya alichopaswa kufanya husutwa na dhamiri, na anayesutwa hutafuta namna ya kurekebisha. Kwa nje wote wawili wameinamisha kichwa kwenye benchi lile lile. Mimi kama kocha lazima nijue ni yupi ni yupi.

Sasa turudi kwa "nimeibiwa", kwa sababu makocha wengi ninaowaheshimu hulikemea neno hilo papo hapo. Mtu mzima husimama pale na methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Kijana ananyamaza kwa adabu, lakini moyoni hajakubali kitu, na sasa hata mtu wa kumweleza hana.

Katika ndondi kuna wizi wa kweli. Mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Seoul, Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote tatu mbele ya macho ya dunia, kisha majaji watatu kati ya watano wakampa Park dhahabu. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba Olimpiki iliyofuata, Barcelona 1992, pointi zilihesabiwa kwa mashine za kubonyeza. Jones mwenyewe alipewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ustadi kuliko wote katika Olimpiki ile, ingawa medali yake ilikuwa ya fedha. Akaenda kwenye ngumi za kulipwa, akawa bingwa wa dunia kuanzia uzani wa kati hadi uzani wa juu kabisa.

Kumwambia kijana kama huyo kwamba hakuibiwa ni kumdanganya, na watoto wa mtaani wanaunusa uongo haraka. Tena sababu ya nje ikiwa kweli humlinda mtu. Aliyeibiwa leo hana haja ya kuamini kwamba hajui kupigana. Hatari inaingia pale "leo nimeibiwa" inapogeuka kuwa "sisi wa Nakuru huibiwa kila siku." Ya kwanza ni ya siku moja, meza moja, watu watano. Ya pili ni ya kudumu, inafunga mlango hadi mwisho wa maisha. Nimewaona vijana wazuri wakipita kutoka ya kwanza hadi ya pili katika safari moja ya matatu, wakisaidiwa na wenzao waliokuwa wakiwatetea kwa nia njema kabisa. Kufika Gilgil tayari hakuna anayetaka kwenda mashindano yajayo.

Olimpiki ile ile ya Seoul ndiyo iliyompa Robert Wangila dhahabu ya uzani wa welter, Mkenya wa pekee hadi leo kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Fainali yake dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani iliishia raundi ya pili kwa mwenzake kupigwa akashindwa kuendelea. Wazee wa ndondi huku hupenda kusema Wangila hakuwaachia majaji kazi. Mimi silitumii sana hilo kwa vijana, maana si kila bondia ana konde la kumlaza mtu, na kumwambia mwenye mkono mwepesi amalize kwa nokauti ni kumpa sababu nyingine asiyoiweza. Lakini naelewa wanachotafuta. Wanatafuta kitu kilicho mikononi mwa bondia.

Na kuna mtu wa tatu wa Seoul ambaye si wa ndondi, lakini daftari la dada yangu lilimwekea nyota. Matt Biondi, mwogeleaji wa Marekani, alikwenda kule akitarajiwa kuzoa dhahabu saba. Mita 200 akapata shaba. Mita 100 za kipepeo akaongoza karibu muda wote, kisha akapitwa ukutani na Anthony Nesty wa Suriname kwa mia moja ya sekunde. Wengi walidhani amekwisha. Aliondoka Seoul na dhahabu tano. Kumbe mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walikuwa wamewapima waogeleaji wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Biondi akiwa miongoni mwao. Waliwataka waogelee kwa nguvu zao zote, kisha wakawaambia muda wa uongo, mbaya kuliko ule waliopata. Baada ya mapumziko wakaogelea tena. Wale ambao kwa kawaida hueleza mabaya yanayowapata kuwa ni ya kudumu na ni kosa lao walirudi majini wakawa wa polepole zaidi. Wale wanaoyaeleza kuwa ya kupita hawakushuka. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1990. Miili ilikuwa ile ile, maji yale yale.

Hadi hapa nimezungumzia kushindwa. Kushinda kunanitesa karibu sawa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hawaoni hatari yake.

Nina msichana mmoja, bado yuko shule, mkono wake wa kushoto ni wa haraka ajabu. Alishinda pigano lake la kwanza kwa majaji wote watano. Nilipomkumbatia akaniambia, "Kocha, yule dada hakuwa sawa, nadhani alikuwa na homa." La pili akashinda tena: "Nilibahatika tu, aliteleza." Mama yake, ambaye nampenda na ambaye humsubiri nje kwa sababu hawezi kutazama, naye akasema, "Mungu alikuwa upande wake leo." Majirani wakasema alipangiwa wasichana wepesi. Sikiliza sauti zote hizo kwa pamoja. Hakuna hata moja iliyosema kwamba msichana huyu anaamka kabla ya jua kukimbia barabara ya kuelekea Menengai, kwamba amepiga begi hadi ngozi ya vidole ikabadilika rangi. Ushindi wake wote ulikuwa umewekwa nje yake, kwenye homa ya mtu na maji yaliyomwagika ulingoni.

Alipopangiwa mpinzani anayejulikana, msichana wa Kisumu mwenye jina, akaniambia ana mtihani. Mtihani ulikuwapo kweli, lakini haukuwa siku ile. Sikumgombeza. Nilielewa. Kama umeshinda kwa bahati, basi bahati ikiisha umekwisha, na ni busara kutojaribu.

Tukachukua simu. Kuna kijana wetu ambaye hurekodi mapigano yote, na nina kanuni moja kuhusu video hizo: tunazitazama bila sauti. Sauti ya ukumbi imejaa maelezo ya watu. "Amechoka huyo!" "Refa, angalia kichwa!" Ukizima unabaki na miguu na mikono tu. Nikamwambia ahesabu mwenyewe ni mara ngapi mkono wake wa kushoto ulifika usoni kwa mwenzake. Akawa anahesabu kwa sauti, akanyamaza, akarudisha nyuma, akahesabu upya. Pale ambapo yule dada "aliteleza" nikamwomba asimamishe. Mguu wa mbele wa msichana wangu ulikuwa umeshatangulia nje ya mguu wa mwenzake, na yule akalazimika kugeuka akiwa amevuka miguu. Ndiyo maana aliyumba. "Hiyo tulifanya Jumatano," akasema. Ndiyo, tuliifanya Jumatano, na Jumatano nyingine nyingi kabla ya hiyo.

Alikwenda kupigana na yule wa Kisumu. Alishindwa, na alipotoka alisema, "Ananizidi mikono mirefu, lazima nijifunze kuingia chini." Nilifurahi kuliko siku alizoshinda.

Sitaki mama yake aache kumshukuru Mungu. Mimi mwenyewe sipandi ulingoni bila dua, na wanariadha wetu wakubwa wakihojiwa baada ya kushinda, neno la kwanza mara nyingi ni la shukrani. Huo ni unyenyekevu na ni malezi mema. Ninachoomba ni kwamba shukrani isifute kazi. Mungu amempa nguvu za kuamka alfajiri; na yeye akaamka. Yote mawili yasemwe nyumbani, mbele ya mtoto.

Kuhusu uchawi nitasema machache. Huku kwetu na kule ziwani, mtu akipoteza bila maelezo, kuna atakayenong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Klabu kubwa ya Gor Mahia yenyewe inabeba jina la mganga wa kale wa Waluo, kwa hiyo imani hizi si geni michezoni. Sibishani na imani ya familia ya mtoto. Nauliza tu: na raundi ya pili, miguu yako ilikuwa wapi?

Halafu kuna kipaji. Wazee wa ndondi wa Nakuru bado humtaja Philip Waruinge kwa heshima, na wana haki. Alikwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 akarudi bila medali. Mexico 1968 alipata shaba, na pamoja nayo kombe lile lile la Val Barker, yaani waamuzi waliona hakuna aliyepigana kwa ufundi kuliko yeye, hata waliopata dhahabu. Munich 1972 akapata fedha. Katikati ya hayo alichukua dhahabu mbili za michezo ya Jumuiya ya Madola, 1966 na 1970. Baadaye akaenda Japani kupigana ngumi za kulipwa.

Sasa kuna mvulana kwetu ambaye mzee mmoja alimwona akicheza na kivuli chake, akasema kwa sauti: "Huyu ni Waruinge mdogo." Jina likashika. Mtaa mzima ukawa unamwita hivyo. Na tangu siku hiyo mvulana akaanza kuchagua wa kufanya naye mazoezi ulingoni. Wenye nguvu kuliko yeye, leo mkono unamuuma. Wadogo kuliko yeye, yuko tayari. Hakuwa mvivu wala mwoga. Alikuwa amepewa kitu kizuri ambacho kinaweza kuvunjika mbele za watu, naye akawa anakilinda.

Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha jambo hilo hilo mwaka 1998 kwa watoto wa shule. Waliosifiwa kwa akili zao baada ya kufanya vizuri, walipokutana na maswali magumu walikata tamaa upesi na wakafanya vibaya kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mtoto aliyeambiwa ana akili akikwama, hana pa kwenda ila kuamini kwamba akili zimeisha. Kijana aliyeambiwa ni Waruinge akipigwa, atakuwa nani?

Niliwaendea wazee, kwa heshima, nikawaomba wamsimulie mvulana kuhusu Tokyo 1964. Mtaani watu humsimulia Mexico na Munich tu. Nilitaka asikie kwamba kuna miaka minne kati ya kurudi mikono mitupu na ile shaba, na kwamba kuna mtu aliyeamka kila siku katika miaka hiyo. Mzee mmoja alisimulia vizuri kuliko ningeweza mimi, akasimama hata akaonyesha miguu inavyopaswa kwenda.

Namna hiyo hiyo sipendi watu wa nje wanaposema wakimbiaji wetu ni damu na milima tu. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003, akiwa kijana mdogo, mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya London. Damu haikuwa imebadilika, wala milima. Akahamia marathoni, akashinda Hamburg mwaka 2013, na yaliyofuata mnayajua.

Kuna jambo ambalo makocha wenzangu tunalifanya kwa upendo na ambalo nimeacha. Kijana akivunjika moyo, tunamtafutia mpinzani dhaifu ili "arudishe imani." Dweck huyo huyo, mwaka 1975, aliwachukua watoto 12 waliokuwa wakikata tamaa kila wakishindwa. Nusu aliwapa maswali wanayoyaweza tu. Nusu aliwapa na yaliyowashinda pia, na kila wakikosa wakaelezwa kwamba walihitaji kujitahidi zaidi. Mwishowe walipokutana tena na kushindwa, wa kundi la kwanza walivunjika kama zamani. Wa kundi la pili walishikilia. Ushindi wa kupangiwa haumfundishi mtu la kufanya siku atakaposhindwa.

Lakini hata hilo la "jitahidi zaidi" nalitumia kwa uangalifu mkubwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na kelele nyingi za pembeni mwa ulingo. Kuna kijana anayefanya kazi ya kubeba mizigo sokoni mchana kutwa, anakuja mazoezini kwa miguu kutoka Kaptembwo, hakosi. Akishindwa na mtu akampigia kelele "hukujitahidi!", amemjeruhi vibaya. Kijana anajua alijitahidi. Alitoa vyote alivyokuwa navyo. Kama alitoa vyote na akashindwa, na bado anaambiwa tatizo ni bidii, kinachobaki kichwani mwake ni kwamba vyote alivyonavyo havitoshi. Umemrudisha kwenye benchi na taulo kichwani kwa mkono wako mwenyewe.

Huyo simwambii aongeze bidii. Namwambia abadilishe njia. Unarusha la kulia ukiwa mbali, linafika limechoka. Ingia hatua moja ndiyo urushe. Hilo ni la ndani yake, ni la kupita, liko mikononi mwake, na halimtukani. Tena ni kweli, na ukweli ndio sharti la kwanza. Sababu nzuri ya uongo haidumu hata raundi moja, kwa sababu mwenzake ataifichua kwa ngumi.

Ndiyo maana siulizi "kwa nini umeshindwa?" usiku wa pigano. Usiku ule kila jibu lina damu. Namwacha ale, aoge, alale. Jumatatu namuuliza, "Nisimulie raundi ya pili." Asimulie tu, tangu kengele hadi kengele. Katikati ya kusimulia, mwenyewe atafika mahali asimame: "Hapo nilishusha mkono." Sababu aliyoifikia mwenyewe kwa njia hiyo ataifanyia kazi wiki nzima bila kusukumwa. Niliyomtupia mimi ataisahau kabla ya Jumanne.

Wazazi huniuliza wafanye nini wao, maana wengi hawaijui ndondi. Nawaambia mtoto akirudi nyumbani wasianze na "umeshinda?" Waulize ni kitu gani alijaribu leo ambacho hakuwa akikiweza mwezi uliopita. Akisema ameibiwa, wasimkatize na wasimwongezee. Wamsikilize amalize, kisha waulize hilo hilo swali.

Yule wa bantam bado yuko nasi. Video ya pigano lake ameitazama mwenyewe, bila sauti, na anasema aliegemea kamba mara nyingi zaidi kuliko alivyodhani, wakati huo huo akishikilia kwamba raundi ya tatu ilikuwa yake. Nakubaliana naye kwa yote mawili. Mvulana wanayemwita Waruinge ameanza kuingia ulingoni Alhamisi na kijana aliyemzidi uzani na umri. Hadi sasa anapigwa, na anarudi Alhamisi inayofuata.

Tutakuwa na mapigano ya kirafiki mwisho wa mwezi huu, vijana wetu na wageni kutoka Kisumu na Kakamega. Kiingilio hakuna. Ukija na una simu yenye chaji, simama upande wa kona nyekundu, shusha simu hadi kiunoni, na urekodi miguu yao. Nyuso tunazo za kutosha.